Jinsi ya kutafsiri filamu bubu ya Kinuyo Tanaka bandani

Kama unatafsiri muvi kwenye kibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, iwe Ngarenaro, Unga Limited au popote hapa Arusha, siku moja achana na za mapigano uweke filamu bubu ya Kijapani, maana zile zilitengenezwa zikimtegemea mtu kama wewe. Kule aliitwa benshi, anakaa pembeni ya skrini anasimulia na kuigiza sauti za wote, na kuna watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili yake yeye.

Anza na Dragnet Girl ya 1933, ya Yasujiro Ozu. Nyota ni Kinuyo Tanaka, huyu dada namkubali mno. Kabla hujaiwasha mtambulishe dakika tano, mabenshi nao walikuwa wanatanguliza maelezo hivyo hivyo: kazaliwa 1909 Shimonoseki, utotoni alikuwa anapiga biwa, ile ala ya nyuzi, kwenye kikundi cha wasichana Osaka, 1924 akaingia kampuni ya Shochiku ana miaka 14 tu. Waambie pia kwamba miaka michache nyuma yake wanawake kwenye filamu za Kijapani walikuwa wanaigizwa na wanaume, hapo utaona hata wale wa nyuma wanaacha simu.

Usiende kichwakichwa. Iangalie mara mbili peke yako, daftari mkononi, yale maandishi yanayokatiza picha yageuze yote kwa Kiswahili chetu cha mtaani na uandike dakika yake, maana yanapita haraka na ukianza kutafuta maneno pale pale umeshapotea. Tanaka anacheza kama Tokiko, mchana anapiga taipu ofisini, usiku yuko na jambazi wake, kwa hiyo mpe sauti mbili, ya ofisini ya adabu, ya usiku nzito kidogo. Usimbanie pua kama katuni, utamharibu.

Kosa kubwa ni kuongea mfululizo. Mwanzoni kuna saa, kuna kofia zimetundikwa ukutani kwa mstari, moja inadondoka yenyewe. Mi mara ya kwanza hapo nilimwaga maneno weee, mama mmoja anayeuza vitumbua mlangoni akaniambia mwanangu hebu nyamaza na sisi tuone. Alikuwa na haki kabisa, kofia haihitaji mtafsiri.

Chaji laptopu, umeme wenyewe unaujua.

Mwishoni Tokiko anampiga risasi ya mguu mwanaume anayempenda, ili aache kuwakimbia polisi. Hapo weka maiki chini kabisa. Wakishatulia ndo uwamalizie: 1953 Tanaka akaanza kuongoza filamu mwenyewe, akaongoza sita, na 1975 tamasha la filamu la Berlin wakampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa Sandakan No. 8, humo kacheza bibi kizee, miaka miwili baadaye akafariki. Mama wa vitumbua akauliza hiyo ya bibi ninayo? Nikamwambia Jumapili.