Kumpima upya dereva mzoefu: hatua kwa hatua, kwa mwenye malori Uganda

Dereva aliyeshika usukani miaka kumi na mitano anajua kuendesha, na ukimwita "kumjaribu" atakasirika, tena kwa haki. Unachotafuta ni mazoea yaliyomganda njiani: kumsogelea mno wa mbele, mkono mmoja kwenye simu, kuteremka mlima fri, yaani bila gia, ili dizeli ibaki. Siku alipofanya mtihani wa polisi hakuwa nayo. Na anapokwenda kuhuisha permiti (leseni ya udereva), hakuna anayepanda naye garini kuyaona. Kazi hiyo imemwangukia mwajiri, na waajiri wengi huikumbuka baada ya ajali.

Mimi hupima madereva wa malori, zaidi kwenye yadi za Kampala na za Namanve, eneo la viwanda karibu nayo. Haya ndiyo ninayofanya. Ukiwa na magari matano unaweza kuyafuata yote. Ukiwa na hamsini utahitaji ratiba na mtu wa kuisimamia.

Hatua ya 1: Andika matokeo kabla ya kupima

Keti na mwenye mali na msimamizi wa safari, muandike dereva atapelekwa wapi kulingana na alivyofanya. Mimi hutumia njia tatu tu. Ya kwanza, anaendelea na kazi. Ya pili, anaendelea huku akifundishwa jambo moja au mawili, kisha anapimwa tena kwa tarehe inayojulikana. Ya tatu, anashuka usukanini kwa muda. Mkifika yadini na karatasi isiyo na majibu haya, kila dereva ataamini kwamba mnatafuta wa kufukuza, na mtapima watu walioogopa.

Suala la malipo nalo liamuliwe hapa hapa. Madereva wetu wengi wanaishi kwa posho ya safari. Mshahara wenyewe ni mdogo. Ukimshusha wiki mbili bila chochote, umemwadhibu mara mbili, na wenzake watajifunza kuficha. Mpe kazi ya yadini na sehemu ya posho. Ni gharama, lakini hakuna njia nyingine niliyoiona ikifanya kazi.

Kuhusu sheria: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze kwanza sababu, kwa lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe katika maelezo hayo. Kwa hiyo fomu iliyoandikwa Kiingereza kitupu, kwa dereva aliyekulia Malaba, mpakani na Kenya, akizungumza Kiswahili na Kiteso, itakuletea shida baadaye. Isomeni pamoja, kwa lugha yake.

Halafu itisheni kikao. Watangazieni tarehe, msiwatangazie njia mtakayopita. Anzeni na dereva mkuu, yule mzee anayeheshimiwa, na baada yake dereva wa bosi. Vijana wakiona hao wawili wamepimwa, maneno ya pembeni hupungua.

Hatua ya 2: Chagua mpimaji

Asiwe msimamizi wa safari, kwa sababu huyo ndiye anayempigia dereva saa nane za usiku kumuuliza amefika wapi. Asiwe dereva mwenzake wanayegombea naye gari jipya. Awe na permiti ya daraja la gari analopimia, na awe ameendesha mzigo, si gari tupu. Kama humpati ndani, kodi wa nje. Shirika la usalama barabarani la Safe Way Right Way limekuwa likishughulika na mafunzo ya madereva wa magari makubwa nchini, na unaweza kuanzia huko kuuliza.

Hatua ya 3: Permiti, macho, afya

Linganisha daraja lililo kwenye permiti na gari analolishika kweli. Mwenye CM (malori ya kati) asiendeshe lori la CH (malori mazito), hata kama amekuwa akiliendesha miaka mitatu na hakuna afande aliyeuliza. Kwa macho, msomeshe namba ya gari iliyo mita 20 mbele, mara moja mchana na mara moja giza linapoingia. Hilo ni la kuchuja tu. Anayebabaika apelekwe kwa daktari wa macho. Presha na sukari pia zipimwe, lakini majibu yabaki kwa daktari, nawe upewe jibu moja: anafaa au hafai kwa sasa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziwekea taarifa za afya ulinzi wa pekee, na karatasi ya sukari ya mtu haina kazi kwenye ubao wa ofisi.

Hatua ya 4: Yadini, gari likiwa limesimama

Tumia lori lake mwenyewe, likiwa na mzigo. Kabla hajafika, weka kasoro mbili tatu zisizoweza kumdhuru mtu: chomoa taa moja ya breki, ficha pembetatu ya tahadhari, punguza upepo kwenye taili la ndani la nyuma. Ziandike zote, maana lazima zirekebishwe kabla gari halijatoka getini.

Mwambie, "Mzee, liandae kama unavyoliandaa ukienda Malaba." Kisha nyamaza. Wengine watazunguka gari wakipiga kila taili. Wengine watamwita tanboi, msaidizi wao wa garini, azunguke huku wao wakiwa wamekaa kitini, wakisikiliza redio. Tanboi kusaidia ni sawa, lakini atakayeulizwa na polisi ni dereva, na taili la ndani halionekani kutoka kitini.

Breki za upepo zinahitaji muda hapa. Awashe injini, upepo ujae, azime, akanyage breki na kuishikilia dakika moja huku macho yakiwa kwenye geji. Mshale ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja. Kisha akanyage na kuachia mara nyingi hadi taa au kengele ya upepo mdogo iamke. Nimeona madereva wazoefu wasiojua kama kengele yao inafanya kazi, kwa sababu hawajawahi kuisikia na wamechukulia kwamba ni dalili njema. Muulize pia mara ya mwisho matangi ya upepo yalitolewa maji lini.

Kwa trela: baada ya kuunganisha, je, anavuta mbele kidogo trela ikiwa imefungwa breki, kuhakikisha imeshika? Je, anashuka kuangalia kwa macho? Yote mawili yanatakiwa. Hatimaye mkanda, kiti na vioo. Dereva anayerekebisha vioo baada ya kutoka getini mwandikie.

Hatua ya 5: Barabarani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usipunguze muda. Njia ninayoipenda ni Namanve hadi Lugazi na kurudi, kwa sababu ina kila kitu: foleni ya Seeta, bodaboda za Mukono, soko la kando ya barabara la Namawojjolo, matrekta ya miwa karibu na Lugazi. Ukiwa na muda, endelea hadi uingie msitu wa Mabira.

Dakika ishirini za kwanza usiandike kitu. Atakuwa anaigiza. Zungumza naye mambo ya kawaida kisha ukae kimya; mazoea yatarudi yenyewe.

Angalia nafasi anayoacha mbele. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori linakula mita 22 kila sekunde. Mtu akichelewa sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, mita 33 zimeshakwisha na gari halijaanza hata kupungua. Chagua mti au kibao, gari la mbele likipita anza kuhesabu sekunde, uone ninyi mnafika baada ya ngapi. Kwa lori lenye mzigo nataka nne au zaidi, mvua ikinyesha nyingi zaidi. Wengi huacha mbili. Wanasema wakiacha nne taksi inajipenyeza. Kweli itajipenyeza, jibu ni kurudi nyuma tena, na hilo ndilo unalompima: anarudi nyuma, au anaona ameonewa?

Namawojjolo, tazama mguu wake. Wachuuzi wa kuku wa mishikaki na gonja (ndizi za kuchoma) hukimbilia magari, na mara nyingi basi likisimama ghafla wote huvuka kulifuata. Dereva mzuri anaachia mafuta kabla ya kuona mtu yeyote amevuka. Anayepiga honi na kuendelea na mwendo uleule ameegemeza usalama wa watu kwenye masikio yao.

Kwenye kona na milima, tazama suala la indiketa. Madereva wetu wana lugha yao: lori la mbele likiwasha kushoto, wa nyuma anaambiwa "pita", likiwasha kulia, "usipite". Ni ukarimu wa zamani na umesaidia wengi, lakini mimi naukata kwenye karatasi, kwa anayetoa na anayeutegemea. Anayetoa hajui gari la nyuma lina nguvu kiasi gani. Anayepokea anatoka kulia kwa macho ya mtu mwingine, na huenda yule wa mbele alikuwa tu anataka kuingia kushoto.

Mteremko: gia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini ifanye kazi kubwa. Akikanyaga breki mfululizo hadi harufu ipande, hafai kutumwa Kabale kwenye milima kwa sasa. Akiweka fri, hilo ni kosa zito papo hapo. Mwambie asimame mahali salama, mzungumze. Swali la kumuuliza ni dizeli inayobaki inakwenda wapi, na swali la kujiuliza wewe ni kama kipimo cha mafuta ulichompa kinatosha safari.

Simu. Usipange simu ya mtego, huna haja: ofisi yako itampigia yenyewe. Akipokea akiendesha, ni kosa lake. Lakini andika pia nani alipiga na saa ngapi, kwenye karatasi ya pili, ile ya makosa ya kampuni. Karatasi hiyo huwa ndefu kuliko wenye mali wanavyotarajia.

Mkirudi, geuza mchezo. Mwombe aseme kwa sauti anachokiona na anachokusudia: "Boda pale anaangalia nyuma, atakata. Mtoto kulia. Naachia mafuta." Aseme kwa Kiswahili, Luganda, lugha yoyote mnayoelewana. Utashangaa wazee wanavyoona mbali. Na utamtambua upesi yule ambaye macho yake hayavuki bampa la gari la mbele.

Malizeni kwa kurudi nyuma kwenye nafasi finyu. Anashuka kuangalia kwanza? Tanboi akipotea kwenye kioo, anasimama au anaendelea kwa imani?

Kwa wanaovuka mpaka kuna nyongeza. Sisi tunapita kushoto. Rwanda, Sudan Kusini na Kongo wanapita kulia. Anayekwenda Katuna, Elegu au Mpondwe mwulize anafanyaje kilomita za mwanzo baada ya kuvuka, kwenye mzunguko (raundabauti) wa kwanza, na hasa alfajiri ya kurudi ambapo barabara ni tupu na hakuna gari la kumkumbusha upande. Ikiwezekana, panda naye safari moja.

Hatua ya 6: Fungua rekodi za traka

Traka ni kifaa cha garini kinachorekodi safari. Chukua safari zake za wiki chache kabla ya tangazo. Ukilinganisha kasi, breki za ghafla na saa za usiku na ulichokiona mkiwa pamoja, utapata tofauti kati ya dereva anayejua na dereva anayefanya. Asiyejua anafundishwa. Anayejua asifanye anahitaji mazungumzo, na mara nyingine ratiba mpya: ikiwa anapewa muda wa kufika Malaba usiotimizika bila kukimbia, umempima yeye wakati tatizo liko kwenye meza yako.

Hatua ya 7: Andika, kisha zungumza

Usijumlishe alama kuwa asilimia. Dereva wa asilimia 90 aliyepita gari kwenye kona bado alipita gari kwenye kona. Tenga makosa mazito, ambayo moja linatosha kumshusha, na madogo, ambayo uzito wake ni kujirudia. Andika tukio na mahali: "Namawojjolo, watu kando, hakupunguza." Neno kama "mzembe" halimfundishi mtu na halitasimama mbele ya afisa wa kazi.

Mazungumzo yawe siku hiyo hiyo, wawili tu, mbali na tanboi. Mimi huanza na, "Mzee wangu, wewe mwenyewe umeionaje safari?" Mara nyingi atataja kosa ambalo ningelitaja, na lingine ambalo sikuliona. Kisha namsomea yangu. Akikataa moja, naliandika alivyosema. Tunachagua jambo moja la kurekebisha kwanza, anaweka sahihi, na anapata nakala.

Hatua ya 8: Lini tena

Kila mwaka kwa magari ya abiria na ya mafuta, kila miaka miwili kwa mengine; ndivyo ninavyowashauri wateja wangu. Nje ya ratiba hiyo, mpime kila anapobadilishiwa aina ya gari, anapopewa njia mpya yenye milima, anaporudi kutoka likizo ndefu ya ugonjwa, na baada ya ajali yoyote hata kama kosa lilikuwa la mwingine. Huyu wa mwisho mpe siku chache kabla ya kumpima, na safari yake ya kwanza baada ya kufaulu iwe ya mchana, njia anayoijua, na mtu mzima pembeni yake.