Ukurasa wa Kumwacha, Ukurasa wa Kumrudia: Namna ya Kuendesha Kikao cha Wasomaji wa Riwaya ya Mapenzi

Riwaya ya mapenzi ikiwa na mwanamume mwema tangu mwanzo hadi mwisho, kikao cha wasomaji huisha chai ikiwa bado ya moto. Kila mtu kampenda, basi. Akiwa mlevi, mwongo au mtu wa kubeti, hakuna anayetaka kuondoka. Ila ndani ya nusu saa kitabu kimeshasahauliwa na watu wanamjadili mume wa jirani. Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka kuandaa kikao cha namna hiyo Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu, na kutoka nacho maoni ambayo hata asiyekuwapo atayaelewa. Dawa yake ni moja na haina ujanja: anayetoa maoni ataje ukurasa.

Kuchagua kitabu

Tafuta riwaya ya kurasa 150 hadi 250. Ikizidi hapo, nusu ya watu watakuja wamesoma nusu. Kasoro ya mwanamume iwe ya vitendo. Kitabu kikisema ukurasa wa tano kwamba "alikuwa na hasira za karibu", halafu hasira yenyewe isionekane tena, hilo ni pambo na hamtakuwa na cha kujadili.

Waandaaji wawili wakisome kwanza hadi mwisho, kila mmoja kivyake, kisha walinganishe majibu ya maswali mawili. Nani analipa gharama ya kasoro ya mwanamume huyu? Na msimulizi anajua kwamba ni kasoro? Swali la pili ndilo zito. Kuna riwaya ambamo mwanamume anamfuatilia mwanamke hadi kazini, anamkagulia simu, anamzuia kuonana na rafiki zake, na msimulizi anaieleza hali hiyo kama ushahidi wa mapenzi. Kitabu hicho kinajadilika, tena vizuri, lakini si kwa namna ileile ya kitabu kinachojua kwamba mtu wake amekosea. Kama kuna kipigo au kulazimishwa, waambieni wasomaji kabla ya kugawa nakala, ili asiyetaka aseme hapana mapema. Kipigo kisiwekwe kapu moja na uchelewaji au ubahili kwa jina moja la "kasoro".

Kwa mfano wa maelezo yanayofuata, tutunge riwaya yetu wenyewe: dereva wa lori wa njia ya Tunduma amemchumbia fundi cherehani wa Mwanjelwa. Dereva anabeti. Ukurasa wa 84 anauza cherehani ya mchumba wake kwa siri ili alipe deni. Ukurasa wa 140 anakiri. Ukurasa wa 171 anarudi na cherehani ileile, kaikomboa kwa mishahara ya miezi minne.

Nakala na muda

Watu tisa wanatosha. Wakipungua chini ya watano, wasemaji wawili wanakimeza kikao, na wakizidi kumi hakuna anayepata nafasi ya kumaliza hoja. Kwa watu tisa zitafutwe nakala tatu, kila moja izunguke kwa watu watatu. Msomaji wa kawaida mwenye kazi zake humaliza kurasa 30 kwa siku, hivyo riwaya ya kurasa 200 inamchukua wiki moja. Watu watatu ni wiki tatu, ongeza wiki ya nne ya kukimbizana na yule aliyesafiri na kitabu kwenda Chunya. Yeye hakosekani.

Msitoe fotokopi ya kitabu kizima ili kuokoa muda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mtunzi wa riwaya za mapenzi hapa nchini mara nyingi ndiye mwenyewe anayebeba nakala zake mkononi kuziuza. Kabla ya kununua, ulizeni maktaba ya mkoa kama wana nakala. Mbeya na Iringa zote zina maktaba chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Kama hadithi mnaisoma kwenye simu, namba za kurasa zitawavuruga. Anayekuza herufi ana kurasa 400, mwenzake ana 180. Hapo tumieni namba ya sura na maneno matano ya mwanzo ya aya. Kwa simulizi zinazouzwa WhatsApp kwa vipande, tajeni namba ya sehemu, na mhakikishe wote wamelipia hadi mwisho. Mtu aliyeishia sehemu ya 20 kwa kuwa buku ya kuendelea haikupatikana atamhukumu mwanamume kabla hajatubu.

Siku na mahali

Jumamosi inawaacha nje Wasabato, na Jumapili asubuhi inawaacha Wakristo wengine. Inabaki Jumapili saa nane mchana, ila ulizeni kwanza ratiba ya mazoezi ya kwaya, maana katika miji yetu kwaya inaweza kuwachukua wasomaji wanne kwa mpigo. Juni na Julai baridi ya Mbeya huanza kuuma mapema jioni. Malizeni saa tisa na nusu ili wa Uyole na Mbalizi wapate daladala bila kubanana. Kuanzia Novemba hadi Aprili fikirieni mvua. Chini ya bati mvua ya Tukuyu haimruhusu mtu kusikika, kwa hiyo tafuteni chumba chenye dari.

Ukumbi wa kanisa ni wa bure na una viti, lakini watu watameza maneno wakifika kwenye sura za chumbani. Baa ina muziki. Darasa la shule wakati wa likizo, au chumba cha nyuma cha mgahawa, ndiko kunakofaa. Chupa ya chai ya lita tatu inatoa vikombe 12 vya mililita 250, na hiyo inawatosha watu tisa pamoja na wawili watatu watakaoomba cha pili.

Kadi ya msomaji

Siku ya kugawa vitabu, kila mmoja apewe pia kadi ngumu ya ukubwa wa nusu karatasi, ikae ndani ya kitabu kama alama. Ichorwe safu tatu: ukurasa, alichofanya, aliyeumia. Msomaji aandike mambo matano hadi nane, yasizidi. Chini ya kadi kuna nafasi mbili ambazo ndizo roho ya kazi yote: ukurasa niliomwacha, na ukurasa niliomrudia. "Kumwacha" ni pale msomaji aliposema moyoni, huyu basi tena. "Kumrudia" ni pale alipojikuta anamtakia mema. Asiyemwacha kamwe aweke mstari. Aliyemwacha asimrudie aandike sifuri.

Ziandikwe palepale wakati wa kusoma. Anayesubiri hadi amalize kitabu hukumbuka mwisho tu, na mwisho wa riwaya ya mapenzi umetengenezwa makusudi ili usamehe.

Na kwenye kadi msiandike neno "shujaa". Kwa Kiswahili shujaa ni mtu wa kusifiwa, na msomaji akishaliona anaanza ama kumtetea au kukasirika kwamba hastahili jina hilo. "Mhusika mkuu" halimpendelei mtu.

Dakika 90

Kumi za kwanza ni za kura ya siri, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Kila mmoja apewe kikaratasi aandike alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Alama ya kwanza ni ya mtu: ungependa mwanamume huyu awe shemeji yako? Ya pili ni ya kitabu: nimeelewa kwa nini mwanamke alibaki, au kwa nini aliondoka? Kutenganisha alama hizi ni lazima. Dereva wetu anaweza kupata 1 kama shemeji na kitabu chake kikapata 5, na hakuna mgongano wowote hapo. Wanaogombana kwenye vikao vya namna hii mara nyingi hawapingani, ila mmoja anatoa alama ya mtu na mwenzake anatoa ya kitabu.

Dakika 20 zinazofuata, bandikeni ukutani karatasi ya manila, mchore mstari mrefu unaoanzia ukurasa wa 1 hadi wa mwisho. Kila msomaji aje aweke alama ya X kwa kumwacha na duara kwa kumrudia. Kisha tazameni kabla ya kusema. X zikirundikana mahali pamoja, tuseme sita kati ya tisa ziko ukurasa wa 84, basi ni mtunzi aliyewapeleka hapo, na swali ni alifanyaje. Zikitawanyika, mmoja kamwacha ukurasa wa 12 na mwingine wa 150, tofauti imetoka kwa wasomaji, na swali ni kila mmoja aliona nini ambacho mwenzake alikipita. Duara zikikosekana kabisa huku kitabu kinaisha kwa harusi, kuna kazi mtunzi hakuifanya.

Mjadala upewe dakika 40, na waanze vijana. Hili si suala la adabu tu. Mama mtu mzima akishasema "kijana huyu hafai", binti wa mwaka wa pili chuoni hatasema kinyume chake, atatikisa kichwa na kunywa chai. Mkubwa akisemea mwishoni, hata kukosoa kwake kunapokelewa kama jibu.

Kwenye mjadala pelekeni watu kwenye eneo la msamaha, ndiko riwaya nyingi zinakoanguka. Hesabuni kurasa kati ya kosa na msamaha. Kwa dereva wetu ni 56 hadi kukiri, na 31 nyingine hadi cherehani inarudi. Hiyo ni nafasi ya kutosha kuona amebadilika. Kosa likiwa ukurasa wa 84 na busu la upatanisho ukurasa wa 86, msomaji anahisi kudanganywa hata kama hawezi kusema kwa nini. Ulizeni pia amelipa kwa kitu gani. Simu mpya na doti ya kitenge ni zawadi, haziponyi kitu kama pesa ya kununulia ilikuwepo tangu zamani. Mishahara ya miezi minne ni malipo, kwa sababu imemuuma. Kisha geuzeni macho kwa mwanamke: katika kurasa hizo 87, fundi wetu alishona kwa kitu gani? Aliwajibu nini wateja waliokuja kuchukua sare za harusi? Kama kitabu hakijasema, basi kimehangaika na machozi ya mwanamume na kumsahau aliyeibiwa.

Angalieni vilevile nani anasimulia. Kama ni nafsi ya kwanza ya mwanamume, kila kosa linakuja na udhuru wake tayari. Somo zuri ni kuchukua aya moja ya namna hiyo na kuisoma kwa sauti mkiondoa sentensi za udhuru, mbakize vitendo peke yake. Kimya kitakachofuata kina maana yake.

Yapo yatakayoharibika. Mtu atasema "wanaume wote ndivyo walivyo". Msimbishie, mwulizeni ni ukurasa upi uliompa wazo hilo. Mwingine ataanza kueleza ndoa yake mwenyewe. Huyo asikatwe kwa ukali, apewe dakika mbili, kisha mwenyekiti aseme, "Ahsante dada, tuone kama mtunzi aliliona hilo," na kufungua kitabu. Ambaye hajasoma hujulikana kwa kuzungumzia maadili ya jamii. Apewe kazi ya kuandika kumbukumbu. Na kama riwaya ni ya ughaibuni au ni tafsiri, msomaji aliyekulia kwenye posa na mshenga atamwona mwanamume kama mhuni kwa kuwa hajawahi kutuma mtu nyumbani kwa kina binti. Hoja hiyo iandikwe, ila upande: ni kasoro kwa msomaji, kitabu hakikuikusudia.

Chai dakika 15, kisha dakika tano za kura ya pili kwa maswali yaleyale. Alama ya mtu husogea kidogo tu. Ya kitabu ndiyo inayopanda au kuporomoka, na aliyebadilisha aandike kwa sentensi moja kilichombadilisha.

Kuyaandika maoni

Mwandishi mmoja aandike maneno 300 hadi 400 ndani ya siku tatu, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Msitumie asilimia. Watu sita kati ya tisa ni watu sita kati ya tisa. Ukiwaita "asilimia 67 ya wasomaji" umewafanya waonekane umati. Majina yasitajwe. Andikeni "msomaji mmoja, fundi" au "wawili waliowahi kubeti", na hata hapo ombeni ruhusa, maana Mbeya ni ndogo kuliko ramani yake.

Sentensi kama "mhusika mkuu ana kasoro lakini anavutia" haimsaidii anayetaka kujua anunue au asinunue. Linganisha na hii: "Sita kati yetu tulimwacha anapouza cherehani; wanne tulimrudia, si alipokiri, ila aliporudi na cherehani ileile." Ya pili inaeleza kosa, uzito wake na kazi ya mtunzi. Ila inavujisha mwisho. Kwa tangazo la wazi, fanya kosa la ukurasa wa 84 lijulikane na uache la 171 kwa kusema tu kwamba anajaribu kulipa. Kipimo cha kawaida: lolote lililo baada ya theluthi mbili za kitabu lisitajwe.

Wasiokubaliana na wengi wapewe angalau sentensi mbili zao wenyewe, kwa maneno waliyoyatumia. Rasimu izungushwe kwenye kundi siku mbili kabla ya kutoka, kila mmoja aangalie kama amewekewa maneno mdomoni. Karatasi ya manila ikunjwe kwa kuviringishwa, iandikwe jina la kitabu na tarehe kwa nje, na itunzwe mbali na moshi wa jikoni. Riwaya inayofuata ikiwa na mwanamume wa aina hiyohiyo, zibandikeni mbili pamoja ukutani, moja juu ya nyingine, kabla ya kuanza kura.