Mwaka wa Hispania una mitihani yake: kwa wazazi wa Pwani tulioko Uingereza

Harusi ya nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, ilipangwa wiki ya mwisho ya Juni. Tiketi zilikatwa tangu Februari, maana kiangazi bei hupaa, na binti wa dada yangu alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa wasichana wa kumpamba bibi harusi. Wakati huo alikuwa Granada, mwaka wa tatu wa digrii yake ya Kihispania. Sote tulijua yuko huko anashika lugha. Hakuna aliyemuuliza mitihani ni lini. Akaanguka somo moja, mtihani wa marudio ukaangukia siku ya harusi yenyewe, na tiketi ikapotea. Mama yetu aliuliza kwenye simu, kwa uchungu kabisa: "Kwani kujifunza kusema nako kuna mtihani?"

Kuna. Nawaandikia wazazi na walezi wenzangu ambao watoto wao wamechukua Kihispania chuoni, ili swali hilo liulizwe Septemba na si Juni.

Najua limetoka wapi. Lamu lugha huokotwa. Kijana wa mashua pale gatini anazungumza Kiitaliano na wageni wa Shela na hajawahi kushika daftari la Kiitaliano. Basi tukisikia mtoto anakwenda Hispania mwaka mzima, tunadhani kazi yake ni kukaa, kusikiliza na kurudi na ulimi mwepesi. Chuo hakimpimi hivyo. Alama zake zinatokana na karatasi, na karatasi ya kwanza hutiwa saini kabla hajapanda ndege.

Digrii ya lugha Uingereza kwa kawaida ni miaka minne, na wa tatu ndio wa nje. Mwanafunzi huenda kusoma katika chuo kikuu cha huko, au huwa msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza shuleni (wengi hupitia British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Mei), au hufanya kazi kwenye kampuni. Njia aliyoishika ndiyo inayoamua atapimwaje. Kabla ya yote muulize: alama za mwaka huu zinaingia kwenye digrii, au unatakiwa upite tu? Vyuo havifanani hapa. Kuna vinavyozichanganya alama hizo na za mwaka wa nne, na kuna vinavyotaka mwanafunzi apite tu bila kujali amepita kwa ngapi. Muulize pia asipopita itakuwaje, atarudia kazi au atabadilishiwa digrii. Majibu yamo katika kitabu cha mwongozo cha idara yake. Asimtegemee rafiki aliye chuo kingine, hata kama wote wako Hispania na wanakaa nyumba moja.

Anayekwenda kusoma

Huyu ana mkataba wa masomo, unaotaja masomo atakayochukua na kutiwa saini na yeye na vyuo vyote viwili. Mwaka mzima kwa hesabu ya Ulaya ni krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo), ambazo Uingereza huhesabiwa 120. Hatari yake iko mwezi wa kwanza. Mtoto anafika, anakuta masomo mawili yanagongana kwenye ratiba au darasa limejaa, anahamia somo jingine, anasahau kuubadilisha mkataba. Mwisho wa mwaka amefaulu somo ambalo chuo chake cha nyumbani, yaani cha Uingereza, hakilitambui. Kila akibadilisha somo amwandikie mratibu wake wa chuo hicho siku hiyohiyo, na asipumue mpaka apate kibali kwa maandishi.

Kila somo Hispania lina waraka uitwao *guía docente*. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kila mwanafunzi akisome kabla ya kuchagua, ni huo. Ndani yake mna asilimia ya mtihani, ya kazi za darasani, ya mahudhurio, na lugha ya kufundishia. Hilo la lugha si dogo. Barcelona darasa laweza kuwa la Kikatalani, na Valencia, Galicia na nchi ya Wabaski nako kuna lugha nyingine rasmi pamoja na Kihispania. Mtoto aliyekwenda kwa ajili ya Kihispania asije akagundua hayo wiki ya tatu.

Humo pia ataona kama somo linapimwa mfululizo, yaani kazi ndogondogo mwaka mzima, au kwa mtihani mmoja wa mwisho. Penye kupima mfululizo, kukosa wiki mbili kwa ajili ya msiba au harusi kunaweza kumtoa kwenye mpango mzima. Asipofika kwenye mtihani huandikiwa *no presentado*, yaani hakufika, hana alama yoyote. Binti yetu alikosa mawasilisho mawili ya kundi kwa sababu sisi wenyewe tulimwita Uingereza kwenye shughuli ya familia. Hapo ndipo alipoangukia. Nalisema kwa sababu lawama ile ni yetu, na naliona kosa lilelile likifanyika katika nyumba nyingine.

Mitihani mikuu huwa Januari, kisha Mei na Juni. Marudio hutegemea chuo: pengine Februari, pengine Juni hadi Julai, pengine Septemba. Kalenda hiyo iko wazi mapema. Ibandikeni jikoni kabla ya kukata tiketi ya Lamu.

Sasa alama zenyewe. Hispania husahihisha kwa kumi. Kupita ni 5, kuanzia 7 ni *notable* (vizuri sana), kuanzia 9 ni *sobresaliente* (bora kabisa), na juu yake kuna *matrícula de honor*, alama ya heshima ambayo haipewi zaidi ya asilimia 5 ya wanafunzi wa somo. Uingereza kupita ni 40 na daraja la kwanza huanzia 70. Mzazi akiona 7 hushangilia akidhani ndiyo 70, akiona 5.5 hudhani ni 55. Haiendi hivyo. Kila chuo cha Uingereza kina jedwali lake la kugeuza alama, na mtoto ana haki ya kuliona kabla ya safari. Tena alama ikitoka na akaona haikumstahili, vyuo vya Hispania hutenga siku ya kumwona mwalimu na kupitia karatasi naye. Wanafunzi wageni wengi huogopa kwenda. Aende, kwa adabu, na maswali yake ameyaandika.

Msaidizi wa mwalimu na mfanyakazi

Hawa hawana mitihani ya chuo cha Hispania, kwa hiyo chuo cha nyumbani huwapa kazi zake: insha za Kihispania, mkusanyo wa maandishi ya mwaka, ripoti ya kazi, au utafiti mrefu. Mshahara wa shuleni na alama za chuo ni mambo mawili mbalimbali. Mtu anaweza kupendwa na watoto wa darasa zima na bado akaanguka kwa kuchelewesha insha ya Januari.

Mradi wa utafiti ndipo watoto wetu wanapokuwa na mali wasiyoijua. Binti yetu naye alikuwa na mradi huo. Agosti ile kabla hajaondoka, tulikuwa Lamu, tumeketi darini baada ya chakula. Mama akamwambia, "Kaa hata alasiri." Mtoto akainua kichwa. *Hata*, kwa maana ya mpaka, na Kihispania husema *hasta*. Neno ni moja, wote tumelipata kwa Waarabu. Kuanzia hapo hakulala. Fulani ni *fulano*. Sukari ni *azúcar*, zafarani ni *azafrán*, zeituni ni *aceituna*. Kadhi, ambaye Lamu hadi leo anahukumu ndoa na mirathi, ni ndugu wa *alcalde*, ambaye Hispania ni meya. Diwani ni ndugu wa *aduana*, forodha.

Orodha ya maneno si utafiti, na msimamizi alimwambia hivyo bila kumficha. Anayesahihisha hutafuta swali. Kwa nini Kihispania kilimeza neno pamoja na *al* au *a* yake mbele, na Kiswahili kikaiacha? Kwa nini kadhi alibaki hakimu kwetu na kule akawa mkuu wa mji? Maswali hayo yanajibika kwa vitabu vya maktaba za huko, na mtoto wa Lamu anayafika kwa njia ambayo mwenzake darasani hana. Jambo moja la kuangalia: akitaka kuwahoji watu, hata bibi yake mwenyewe, chuo hutaka kibali cha maadili ya utafiti kabla ya mahojiano. Akihoji kwanza akaomba baadaye, anaweza kuambiwa asiyatumie.

Ulimi na kalamu

Wengi hupimwa pia kwa mazungumzo wakirudi, mbele ya walimu wawili, mara nyingi juu ya mambo ya mwaka wa nje. Kusini mwa Hispania watu humeza *s* ya mwisho, na mtoto atarudi akisema vivyo hivyo. Hilo kwa kawaida si kosa, lafudhi ni lafudhi. Lakini aandikapo lazima *s* irudi mahali pake. Sisi wa Lamu tunalijua hili tangu darasa la pili: nyumbani tunasema ndia, mtele, ndoo, na kwenye insha mwalimu hutaka njia, mchele, njoo. Mwambieni hivyo, ataelewa mara moja.

Insha yake asimpe mwenzake wa Kihispania aisahihishe kabla ya kuipeleka, wala asiipitishe kwenye programu ya kutafsiri au ya akili bandia pasipo ruhusa ya maandishi. Nyumbani tunauita msaada. Chuoni huweza kuitwa udanganyifu, na adhabu yake ni kubwa kuliko alama ya insha moja.

Pasipoti msiiache nyuma. Mwenye pasipoti ya Uingereza au ya Kenya anayekaa zaidi ya siku 90 anahitaji viza ya Hispania, na akiwa wa kukaa zaidi ya miezi sita, huomba kadi ya ukazi ndani ya mwezi mmoja tangu afike. Kwa familia ambazo mtoto bado anahesabu miaka ya makazi Uingereza ili apate ukazi wa kudumu, njia nyingi za kuupata haziruhusu kuwa nje zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12. Mwoneni mshauri wa uhamiaji kabla ya kusaini mkataba wa masomo. Ada nayo hushuka: kwa mwanafunzi anayehesabiwa mkazi wa Uingereza na anayesoma chuo cha England, ada ya mwaka mzima wa kusoma nje haitakiwi kuzidi asilimia 15 ya kikomo cha ada kilichowekwa na serikali.

Kabla ya kuondoka Hispania aende mwenyewe ofisi ya wanafunzi wa kimataifa aulize cheti cha alama kitatumwa lini na kwa nani. Bila cheti hicho chuo cha nyumbani hakina cha kugeuza. Binti yetu aliyapita marudio, akafika Lamu Julai, hina ya bibi harusi imekwisha kufifia. Cheti kilitoka Agosti, akiwa gatini anasubiri mashua ya Shela. Alikifungua kwenye simu, akaisoma alama ile ya somo alilorudia, kisha akamtumia mratibu wake palepale kabla mashua haijang'oa nanga.