Kabla ya Kwenda Varanasi: Mambo ya Kuweka Sawa Ungali Nyumbani

Anza kwa kuuliza habari za mto, nauli baadaye. Varanasi, mji wa India ambao wenyeji huuita Banaras na mahujaji wa Kihindu huuita Kashi, umejipanga kando ya mto Ganges kwa safu za ngazi za mawe zaidi ya 80. Kila moja huitwa ghat. Kati ya Julai na Septemba maji hupanda mpaka ngazi nyingi huzama na mashua huzuiwa. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40. Mimi ningechagua Novemba hadi Februari, na sweta mkobani, maana alfajiri za Januari zina baridi na ukungu wake huchelewesha treni kwa saa nyingi.

Viza huombwa mtandaoni. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, chanjo ya homa ya manjano iwe imechomwa siku 10 kabla ya kuingia India. Bila kadi unaweza kuwekwa karantini. Chukua na adapta: soketi za kule zina matundu ya duara, hazipokei pini zetu bapa.

Nyumba za wageni zilizo karibu na mto ziko ndani ya vichochoro. Bajaji itakushusha barabarani, kisha utembee, ng'ombe kajilaza njiani na pikipiki inapiga honi nyuma yako. Begi la mgongoni litakufaa kuliko sanduku la magurudumu. Kama unakuja kwa treni, soma vizuri jina la stesheni: Pandit Deen Dayal Upadhyaya, ambayo wengi bado wanaiita Mughalsarai, iko ng'ambo ya mto.

Jambo ninalokusihi zaidi linahusu Manikarnika na Harishchandra, ghat ambako maiti huchomwa usiku na mchana. Utamwona kijana aliyenyolewa kichwa, kavaa shuka jeupe, akiuzunguka mrundo wa kuni kabla ya kumwashia baba yake moto. Pale ni msibani. Simu ikae mfukoni, simama mbali, sema kwa sauti ya chini. Atakayekufuata akidai mchango wa kuni za maskini, mkatalie kwa upole uondoke.

Katika hekalu la Kashi Vishwanath simu na mabegi haviingii, na viatu vinavuliwa, vaa kandambili. Ibada ya moto kwenye ghat ya Dashashwamedh hufanyika kila jioni, fika mapema. Mashua ipande alfajiri, maana ghat zinatazama mashariki na jua huchomoza mbele yake. Patana bei kabla hujakanyaga ubao.

Tenga pia siku ya Sarnath, kilomita 10 hivi, ambako Buddha alitoa mahubiri yake ya kwanza. Makumbusho ya pale yanahifadhi simba wanne wa mawe wa mfalme Ashoka, walio kwenye nembo ya India. Hufungwa Ijumaa, kwa hiyo Ijumaa vuka mto uende ngome ya Ramnagar.