Jinsi ya kubadili pasiwedi ya root kwenye MySQL bila kusimamisha kazi za watu

Amri yenyewe ya kubadili pasiwedi ya root (akaunti yenye mamlaka yote kwenye MySQL, programu ya hifadhidata) haimalizi dakika, shida ni vile vitu vinavyotumia hiyo pasiwedi kimyakimya, skripti ya bakapu ya usiku, au programu ambayo mtu aliiunganisha na root moja kwa moja (hii tabia iacheni jamani). Tafuta vyote kwanza, na kama seva si yako peke yako omba ruhusa kwa maandishi na mkubaliane saa.

Ukishakubaliwa ingia hivi:

mysql -u root -p

Bonyeza enta ndo uandike pasiwedi, usiibandike kwenye amri yenyewe maana inabaki kwenye historia ya terminali. Ikikukatalia jaribu sudo mysql, kwenye Ubuntu root mara nyingi imewekewa auth_socket, yaani haiulizwi pasiwedi kabisa, na mimi ningeiacha hivyohivyo.

Ukiwa ndani angalia akaunti za root zilizopo:

SELECT user, host, plugin FROM mysql.user WHERE user='root';

Hapa ndo wengi wanateleza. 'root'@'localhost' na 'root'@'%' ni akaunti mbili tofauti, kila moja na pasiwedi yake, sasa wewe umebadili ya localhost ukaenda zako kulala kumbe ile ya % inayopokea mtu kutoka kompyuta yoyote bado ina pasiwedi ya zamani. Kama haina kazi ifute tu kwa DROP USER 'root'@'%'. Kama ina kazi nayo ibadili.

Kubadili sasa:

ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'pasiwedi_mpya';

FLUSH PRIVILEGES (amri ya kusoma upya ruhusa za akaunti) haihitajiki hapo, watu wanaiweka kwa mazoea. Na ukikuta maelekezo yenye PASSWORD(), ile njia ya zamani ya kusimba pasiwedi, achana nayo, iliondolewa tangu toleo la MySQL 8.0.11.

Kuanzia 8.0.14 unaweza kumalizia hiyo amri na RETAIN CURRENT PASSWORD, ya zamani na mpya zinafanya kazi pamoja mpaka umalize kurekebisha skripti zako, halafu:

ALTER USER 'root'@'localhost' DISCARD OLD PASSWORD;

Kabla hujafunga dirisha ulilonalo fungua jingine ujaribu pasiwedi mpya, isipokubali bado uko ndani unarekebisha. Ila kama unabadili kwa sababu pasiwedi imevuja usitumie hiyo RETAIN, tena aliyekwisha kuingia hatolewi na mabadiliko, mtafute kwa SHOW PROCESSLIST, inaonyesha waliounganishwa sasa hivi na namba zao. Umkate kwa KILL na namba yake.