Somo: Kutuliza maumivu baada ya kutibiwa mzizi wa jino, hata kama umetoka kuchanjwa

Wengi huuliza: mshipa umeshatolewa, mbona jino bado linauma? Zinazouma ni nyama zinazoshikilia mzizi kwenye mfupa. Mara nyingi zilikuwa zimeshavimba kabla ya matibabu, na kusafisha mzizi huzichokoza zaidi. Maumivu makali hupungua ndani ya siku mbili tatu, ila ukitafuna unaweza kuyahisi hata wiki nzima.

Hatua ya 1: Meza dawa ya maumivu wakati ganzi bado haijaisha. Mtu mzima asiye na tatizo jingine ameze ibuprofeni mg 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, pamoja na parasetamoli vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6. Parasetamoli isizidi vidonge 8 kwa saa 24, na soma boksi la dawa yako ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Siku mbili za kwanza fuata saa, usingoje mpaka liume. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja, usizichanganye. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aachane na ibuprofeni hadi aongee na daktari.

Hatua ya 2: Usibandike aspirini kwenye fizi. Inababua, fizi inageuka nyeupe na kuchubuka, unabaki na maumivu mawili.

Hatua ya 3: Funga mdomo taratibu. Jino lililotibiwa likigusana kabla ya mengine, kijazio kimezidi urefu. Hapo dawa haitakusaidia sana. Rudi kikwanguliwe, ni kazi ya dakika chache tu. Kwa sasa tafunia upande wa pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Dokta, nimechanja UVIKO juzi, mkono bado unauma. Niahirishe jino?
Hapana, ndugu yangu. Dawa za maumivu hazishauriwi kumezwa kabla ya chanjo kwa ajili ya kuzuia homa, lakini ukishachanjwa na unaumwa, meza. Homa ya chanjo huisha ndani ya siku chache na haivimbishi shavu. Ukiona homa pamoja na shavu kuvimba, hilo ni jino.

Ninayo amoksilini ya mwaka jana, ninywe?
Usinywe, dada. Haitulizi maumivu haya. Antibiotiki huandikwa pale maambukizi yanaposambaa.

Mama ana presha na yuko kwenye dawa. Apewe ipi?
Mpe parasetamoli peke yake. Ibuprofeni hupandisha presha na hudhoofisha baadhi ya dawa zake.

Nitajuaje hali imekuwa mbaya?
Uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki ya meno ifunguliwe.