Namna ya Kuaga kwa Heshima Kabla Usaili wa Kazi Haujaisha

Watu wengi hufundishwa namna ya kuingia katika chumba cha usaili: kubisha hodi, kusalimu, kusubiri kukaribishwa kiti, kisha kuketi wima na kumtazama anayeuliza. Namna ya kutoka kabla ya wakati haifundishwi, na ndiyo maana msailiwa anayegundua katikati ya mazungumzo kwamba kazi haimfai huendelea kujibu maswali nusu saa nzima huku moyo wake umekwisha kuondoka, au hubuni udhuru na kutoka mbio. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kwanza kama mwombaji kazi na baadaye kama mjumbe wa majopo ya usaili jijini Dar es Salaam, na ninaamini kwa dhati kwamba kuondoka mapema ni haki ya msailiwa, mradi aondoke kwa kuaga.

Kabla ya kusema lolote, jipime kama sababu yako ni ya kuondokea. Kazi kuwa tofauti na ile iliyotangazwa, mshahara usioweza kukidhi mahitaji yako, kituo cha kazi usichoweza kuhamia, mgonjwa nyumbani au wewe mwenyewe kuzidiwa, hizo ni sababu zinazoeleweka na mtu yeyote mwenye busara. Kuwekwa kwenye benchi saa mbili si sababu ya kutosha, ingawa inaudhi. Kushindwa swali moja nako si sababu hata kidogo, na hapa ningependa kusisitiza, kwa kuwa nimeona vijana wazuri wakikata tamaa mapema mno. Katika majopo niliyokaa, kila mjumbe alikuwa na karatasi yake ya alama, akiandika alama za kila swali peke yake, na mwishoni tulizijumlisha na kutafuta wastani. Mara kadhaa aliyegugumia katika swali la pili ndiye aliyeibuka wa kwanza tulipomaliza hesabu.

Sababu ikiwa inahusu kazi yenyewe, uliza kwanza. Binti mmoja aliposikia kwamba mwajiriwa angepelekwa Tabora, alifunga faili lake papo hapo na kusema hataweza kuacha watoto. Mwenyekiti wa jopo ilibidi amweleze kwamba Tabora ni kwa mafunzo ya wiki tatu tu, na kituo chenyewe ni Dar es Salaam. Alibaki, lakini sehemu iliyosalia aliimaliza kwa fadhaa. Swali moja la upole lingemwepusha na hayo: "Samahani, kabla hatujaendelea, naomba kufahamu kama kituo cha kudumu kitakuwa Tabora." Vivyo hivyo kwa mshahara: uliza kiwango kilichopangwa na kama kuna nafasi ya mazungumzo. Jibu likithibitisha ulichohofia, utakuwa unaondoka kwa jambo la hakika, nao watakuwa wameelewa nusu ya sababu yako kabla hujaitamka.

Sasa maneno yenyewe. Subiri anayezungumza amalize sentensi yake, usiinuke, wala usianze kukusanya karatasi, kwa sababu anayesimama kabla ya kusema huonekana amesusa. Ukiwa bado umeketi, omba nafasi, shukuru, taja sababu kwa sentensi moja ya kweli, kisha sema wazi kwamba unaomba kuishia hapo. Kama ni jopo, mwelekee mwenyekiti, si mjumbe aliyeuliza swali la mwisho, kwa maana mwenyekiti ndiye anayeendesha kikao na ndiye mwenye kutoa ruhusa. "Ndugu Mwenyekiti, naomba niseme jambo. Nawashukuru kwa kuniita na kwa maelezo mliyonipa. Nimeelewa kwamba kazi hii inahitaji mtu wa zamu za usiku, na kwa hali ya familia yangu sitaziweza. Nisingependa kuendelea kuchukua muda ambao ungewafaa wasailiwa wengine, kwa hiyo naomba ruhusa niishie hapa." Baada ya hapo nyamaza na usubiri. Ukimya huo mfupi ni mgumu kuuvumilia, lakini ndio unaompa mwenyekiti nafasi ya kukujibu na kukuruhusu, na ruhusa hiyo ndiyo inayofanya kuondoka kwako kuwe kuaga.

Wakati mwingine hawatakuruhusu kirahisi. Nikiwa bado natafuta kazi, niliitwa katika ghorofa moja la Kariakoo kwa nafasi iliyotangazwa kuwa ya afisa masoko mwenye mshahara wa kila mwezi. Hazikupita dakika kumi, msaili akavuta boksi kutoka chini ya meza, akapanga chupa sita za mafuta ya nywele mbele yangu, na kunieleza kwamba ningenunua boksi la kwanza kwa fedha zangu, nikauze nyumba kwa nyumba, na malipo yangu yangekuwa kamisheni peke yake. Niliona uchungu, kwa sababu nauli ya siku hiyo nilikuwa nimeikopa. Nilisubiri apange chupa ya mwisho, nikamwambia: "Kaka, nashukuru kwa maelezo. Nilikuja nikijua kazi ni ya mshahara, na ya kamisheni siiwezi kwa sasa. Naomba niishie hapa." Alinitajia watu waliotajirika, akaniuliza kama naogopa kazi. Sikuongeza sababu nyingine, kwani kila sababu mpya humpa mwenzako jambo jipya la kulijibu. Nilirudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Mara ya tatu akaanza kurudisha chupa kwenye boksi, akanipa mkono, nami nikatoka.

Ninawasihi wasomaji wasitumie simu ya uongo. Kuna wanaomwomba rafiki awapigie saa fulani, kisha wakajifanya wamepata habari ya msiba au ya mama kulazwa. Katika jamii yetu habari ya ugonjwa haiishii mlangoni: mjumbe mwenye utu atakupigia kesho yake kukupa pole, atakuuliza mgonjwa anaendeleaje, na pengine atataka kujua amelazwa wapi ili akamwone. Utalazimika kuulea uongo huo kwa siku kadhaa. Isitoshe, watu wa fani moja hukutana tena na tena, na aliyekusaili leo unaweza kumkuta mwakani kwenye jopo jingine. Kama sababu ni ya siri, inatosha kusema, "Nimepata jambo la kifamilia linalonilazimu kuondoka," ikiwa ndivyo ilivyo, bila kueleza zaidi.

Ukisharuhusiwa, usiharakishe. Hakikisha vyeti vyako halisi vyote vimerudi katika bahasha, hasa kama vilikuwa vimezungushwa mezani ili wajumbe wavikague. Sukuma kiti ndani, waage wote kwa pamoja, na umshukuru katibu muhtasi aliyekupokea. Kisha pita mapokezi au getini usaini kitabu cha wageni na kuchukua kitambulisho chako. Nimeona zaidi ya mmoja aliyetoka kwa haraka akalazimika kurudi kesho yake kumwomba mlinzi kitambulisho cha taifa alichokiacha.

Usaili wa mtandaoni una kishawishi chake, kwa kuwa kubonyeza kitufe ni rahisi na lawama husingiziwa mtandao au umeme. Sema kwa sauti, kamera ikiwa imewashwa, maneno yaleyale ambayo ungeyasema ukiwa chumbani, na usubiri wakuage ndipo ukate. Umeme ukikatika kweli, waandikie ujumbe mara moja kutoka kwenye simu. Kwa usaili wa kuandika, inua mkono, mkabidhi msimamizi karatasi yako na uondoke kimya. Na kama bado uko kwenye foleni nje, mwarifu mwenye orodha ya majina, ili anayefuata asicheleweshwe na jina lisiloitika.

Yapo mazingira ambayo heshima hii ndefu haidaiwi. Ukiombwa fedha ili upate kazi, ukishikwa mwili, ukialikwa kuhamia hotelini au mlango ukifungwa kwa ufunguo, simama na uondoke, hata kama ni kwa neno moja. Maswali ya kibaguzi ni suala la katikati. Nchini Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na virusi vya UKIMWI, nacho kinamhesabu mwombaji kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Nchini Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nacho kinamtaja anayetarajia kuajiriwa. Kwa hiyo ukiulizwa utazaa lini, unaweza kujibu kwa utulivu kwamba ungependa kuzungumzia uwezo wako wa kazi, na swali likirudiwa, una kila sababu ya kuaga. Ukifika nje, andika swali lilivyoulizwa, tarehe na saa, wakati bado unalikumbuka.

Siku hiyohiyo, kabla ya jioni, tuma barua pepe fupi: "Nashukuru kwa muda mlionipa leo asubuhi. Kama nilivyoeleza, nimeondoa ombi langu la nafasi ya mhasibu msaidizi. Nawatakia heri katika kumpata anayefaa." Ikiwa uliondoka kwa dharura na kazi bado unaitaka, andika hivyo bila kuzunguka, ukitaja siku mbili unazoweza kurudi. Wasipojibu, ulizia mara moja baada ya wiki. Wakiendelea kukaa kimya, chukulia kwamba nafasi imepata mtu, na utume maombi kwingine.